Angami, Konyak au Ao: ukitaka kuwajua Wanaga, uanzie wapi?

Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, askari wa jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki (KAR). Alipigana Bama, ambayo leo ni Myanmar, na katika majina yote ya huko, moja lilimkaa kinywani hadi uzeeni: Kabaw. Ni bonde lililoko Myanmar, nyuma ya milima ya Manipur, India. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka nalo kuanzia Agosti 1944, mvua zikiwa zimechachamaa, hadi ikafika Kalewa mwezi wa Desemba. Babu alisimulia tope, ruba na homa. Nilipokuja kulitafuta bonde hilo kwenye ramani, jicho lilipanda kaskazini likakutana na Kohima, mji ambao mapigano yake ya Aprili hadi Juni 1944 yaliwazuia Wajapani na kufungua njia waliyokuja kuipita akina babu. Kohima, ulioko kaskazini mashariki mwa India, ni mji wa Wanaga. Tangu siku hiyo sijaacha kuwasoma.

Nikiwataja kwa watu, swali linalonirudia ni hili: nianzie wapi? Ni swali zuri, kwa sababu "Wanaga" si kabila moja. Ni jina walilopewa na watu wa nje, wakaja kulishika wenyewe. Ndani yake kuna makabila mengi: zaidi ya kumi na tano katika jimbo la Nagaland peke yake, lililokuwa na watu karibu milioni mbili katika sensa ya 2011, na wengine Manipur, Arunachal Pradesh, Assam na ng'ambo ya mpaka, Myanmar. Kila kabila lina lugha yake, na jirani haielewi. Wakikutana sokoni huzungumza Kinagamese, lugha ya biashara iliyozaliwa na Kiassam. Ukitaka kuwashika wote kwa mara moja, mshika mawili moja humponyoka, sembuse mshika kumi na tano.

Nimechagua matatu ya kulinganisha. Angami wako kusini, kuzunguka Kohima, na idadi yao ni kama laki moja na nusu. Konyak wako kaskazini, wilaya ya Mon, na Ao wako Mokokchung. Kila kundi kati ya hayo mawili lina watu laki mbili na ushei. Sumi, Lotha, Tangkhul na wengineo nimewaacha si kwa kuwadharau. Haya matatu yanatofautiana kiasi cha kumwonyesha mgeni upana wa nyumba nzima.

Asiye na muda wa kusoma hadi mwisho nampa jibu langu hapa: anza na Angami. Lakini wako wasomaji wa aina mbili ambao ningewaelekeza kwingine, na nitawafikia.

Nani mwenye neno kijijini

Tofauti kubwa kuliko zote iko hapa, na picha za mitandaoni haziionyeshi.

Konyak wana machifu. Chifu huitwa Angh, na uangh ni wa damu: mrithi ni mtoto aliyezaliwa na mke wa ukoo wa kiangh, si mtoto yeyote wa chifu. Angh mkubwa hatawali kijiji chake tu, ana vijiji vingine chini yake ambavyo zamani vilimletea ushuru. Angh wa Longwa ndiye anayejulikana zaidi, kwa sababu ya nyumba yake. Mstari wa mpaka kati ya India na Bama, uliowekewa mkataba mwaka 1967, unapita katikati ya nyumba hiyo, na baadhi ya vijiji vyake viko Myanmar. Watu wake walikuwa wakivuka kwenda mashambani na kwa jamaa zao bila kuulizwa na mtu, hadi serikali ya India ilipotangaza mwaka 2024 kwamba itaufuta utaratibu huo wa kuvuka huria. Anayetaka kujua mpaka uliochorwa na wengine unamfanya nini mtu aliyekuwepo kabla yake, Longwa ni mahali pa kujifunzia.

Angami hawana chifu kabisa. Kijiji kimegawanyika katika mitaa ya koo iitwayo khel, na kila khel inajiamulia mambo yake. Wazee wanasikilizwa kwa sababu ya busara na mali waliyowalisha wenzao, lakini hakuna anayeweza kumwamuru mtu. Jambo hili liliwatesa Waingereza: walipatana na mzee mmoja, khel ya pili isijione imefungwa na neno lake. Mtu akipanda cheo, alipanda kwa karamu. Aliyewalisha wanakijiji wote ng'ombe na pombe ya mchele, mara moja baada ya nyingine kwa utaratibu uliowekwa, alipata haki ya kuweka pembe za mbao juu ya paa la nyumba yake na kuvaa mgolole ambao mwingine hakuruhusiwa kuuvaa. Alibaki na heshima, ghala likabaki tupu.

Ao wako katikati. Wana baraza la wazee linalotokana na koo, na linakwenda kwa marika: rika moja hushika kijiji kwa miaka mingi, kama kizazi kizima hivi, kisha huondoka kwa pamoja na kuwaachia wadogo zao. Msomaji anayetoka katika jamii yenye marika hatahitaji kuelezwa zaidi.

Ardhi, na kwa nini naanza na Angami

Kama kilomita 20 magharibi ya Kohima kuna kijiji cha Khonoma. Wengine hupita hapo kupiga picha ya mashamba ya ngazi yaliyojaa maji ya mpunga chini bondeni, wakageuza gari. Mimi namwomba msomaji apande juu ya kijiji, kwenye mashamba ya mlimani, atazame miti ya alda.

Makabila mengi ya milima hii hulima kwa kufyeka msitu, kuuchoma, kupanda mwaka mmoja au miwili, kisha kuhama na kuliacha shamba lipumzike miaka mingi. Khonoma waliona kwamba alda haiwezi kuwa mti wa kung'olewa. Mizizi yake ina vifundo vyenye vijidudu vinavyovuta naitrojeni hewani na kuirutubisha ardhi. Kwa hiyo mkulima hakati mti chini. Anaukata kwenye kimo cha mtu hivi, anausawazisha mkato, anaupaka tope usikauke, na machipukizi yakitoka anabakiza machache. Matawi yaliyokatwa ndiyo kuni zake, majani ndiyo mbolea. Analima chini ya miti miaka miwili, anaiacha ikue miaka miwili, anairudia. Shina la namna hiyo huwa nene na lenye vinundu kama ngumi iliyokunjwa, na yapo yaliyokatwa na babu, baba na mwana. Ukilitazama shina moja tu kwa makini umeona vizazi vitatu vya mahesabu.

Kijiji hichohicho kilikuwa na wawindaji hodari mno. Inasimuliwa kwamba mwaka 1993, katika wiki moja ya mashindano ya kuwinda, waliuawa tragopani wapatao 300, ndege mwekundu wa mlimani wa jamii ya kware ambaye hata wakati huo alikuwa amebaki mchache. Hesabu hiyo iliwashtua wazee. Baada ya mabishano marefu, mwaka 1998 kijiji chenyewe kilitenga msitu wa takriban kilomita za mraba 20 na kupiga marufuku uwindaji. Hapakuwa na askari wa serikali wala shirika lililowaamuru. Watu wasio na chifu walikaa wakakubaliana kuacha kitu walichokipenda, na ndiyo maana nilianza na habari ya utawala kabla ya ndege.

Khonoma ndipo pia historia ya siasa ya Wanaga ilipofungwa fundo lake. Oktoba 1879 ofisa wa Kiingereza, G. H. Damant, alipigwa risasi kwenye lango la kijiji pamoja na wengi wa msafara wake. Vita vilivyofuata viliendelea hadi Machi 1880, wanakijiji wakishikilia ngome zao za juu mlimani wakati wa baridi. Miaka mingi baadaye kijiji hicho kilimtoa A. Z. Phizo, aliyeliongoza Baraza la Taifa la Wanaga. Baraza hilo lilitangaza uhuru tarehe 14 Agosti 1947, siku moja kabla ya India, na mwaka 1951 likaendesha kura ya maoni. India haikukubali. Jeshi likaingia, na sheria ya mwaka 1958 ya mamlaka maalumu ya jeshi ikawapa askari uwezo wa kuua raia bila kushtakiwa kirahisi. Phizo alifika London mwaka 1960 na kufia huko mwaka 1990. Mwili wake ukarudishwa kuzikwa Kohima. Jimbo la Nagaland lilizaliwa 1 Desemba 1963 likiwa na kifungu chake katika katiba ya India, kinacholinda ardhi na sheria za mila, lakini mazungumzo ya amani na makundi yenye silaha, yaliyofungua njia ya usitishaji vita wa 1997 na makubaliano ya Agosti 2015, hayajafika mwisho.

Kilimo, msitu, vita vya ukoloni na madai ya uhuru, yote yako ndani ya kijiji kimoja unachokizunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Sioni pengine panapomfundisha mgeni kwa wingi huo.

Vichwa na tatuu

Wengi wananiambia wanataka Konyak, na nikiwauliza sababu wananitajia wazee wenye nyuso zilizochorwa. Sipendi kulikwepa jambo hili, maana ni kweli, na ni la Wanaga karibu wote, Angami na Ao wakiwemo. Zamani vijiji vilipigana na mshindi alirudi na kichwa. Kichwa kiliaminika kuleta nguvu: mpunga ungezaa, watoto wangezaliwa, na kijana angehesabiwa mwanamume. Kwa Konyak na Ao kilipokelewa kwa ngoma ya gogo, shina zima la mti lililochongwa ndani likawa refu kama mtumbwi, likipigwa na safu ya wanaume. Ngoma hiyo hukaa kwenye bweni la vijana au karibu nalo. Kwa Konyak na Ao bweni lilikuwa shule, kambi ya ulinzi na mahali pa kufundwa kwa pamoja. Kwa Angami halikuwa na uzito huo.

Walichokuwa nacho Konyak kwa kiwango ambacho Angami na Ao hawakukifikia ni tatuu ya uso, hasa upande wao uitwao Thendu. Ilichomwa kwa miiba ya henzirani na wino wa utomvu wa mti, na mwenye kazi hiyo alikuwa mwanamke, mke wa Angh. Mwanamume aliipata kwa ushujaa. Wanawake nao walichorwa mikono na miguu kufuata hatua za maisha yao, habari ambayo wapiga picha huisahau. Utawala wa Kiingereza, kisha serikali ya India, kisha kanisa, vilikomesha uwindaji wa vichwa, na tatuu ikafa nao kufikia miaka ya 1960. Wazee waliobaki ni wachache, na kila mwaka wanapungua.

Hapa ndipo yupo msomaji wa kwanza ninayemwelekeza kwingine. Kama unakusanya simulizi za wazee, au unasomea isimu au elimu ya jamii na una muda wa kukaa na kujifunza lugha, nenda kwa Konyak kwanza. Khonoma itakusubiri. Mzee wa miaka tisini hatakusubiri.

Lakini kama unachotaka ni uso wa kuweka ukutani, nakusihi uache. Mabaki ya Wanaga yalibebwa kama bidhaa tangu ukoloni, na Oktoba 2024 fuvu la Mnaga lililofungwa pembe za mnyama liliwekwa kwenye orodha ya mnada huko Uingereza, likaondolewa baada ya Wanaga kupiga kelele. Na Konyak wa leo si watu wa jumba la makumbusho. Tarehe 4 Desemba 2021, karibu na kijiji cha Oting wilayani Mon, askari wa kikosi maalumu waliwamiminia risasi wachimba makaa ya mawe waliokuwa wakirudi nyumbani kwenye gari, wakidai waliwadhania waasi. Hadi siku iliyofuata raia 14 walikuwa wamekufa. Anayekwenda Mon bila kujua hilo amekwenda akiwa amefumba macho.

Kanisa, kitabu na nguo

Msomaji wa pili ninayemwelekeza kwingine ni yule anayevutiwa na dini, maandishi au nguo. Huyo aanze na Ao.

Mmisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani, Edward Winter Clark, alipanda kwenye kijiji cha Ao cha Molungkimong Desemba 1872, lakini njia ilikuwa imeshatengenezwa na mwinjilisti Mwassam, Godhula, aliyetangulia. Ni haki atajwe. Mwaka 1894 kituo kikuu kilihamia Impur, na kutoka hapo shule na vitabu vikaenea. Lugha ya Ao iliandikwa kwa herufi za Kirumi kwa kufuata lahaja ya Chongli, na wasemaji wa Mongsen wakajikuta wanasoma lahaja ya wenzao. Sisi tuliorithi Kiunguja kilichowekwa juu ya Kimvita tunaijua ladha ya jambo hilo. Leo karibu asilimia 88 ya watu wa Nagaland ni Wakristo.

Matokeo ya kutangulia huko yanaonekana kwenye sensa ya 2011: waliojua kusoma na kuandika Mokokchung walikuwa karibu asilimia 92, Kohima 85, Mon 57. Hasara nayo ipo. Wamisionari walipiga vita pombe ya mchele, mabweni, karamu na nyimbo za zamani, na kwa kuwa walianzia kwa Ao, kwa Ao ndipo vilipopotea mapema. Kwa Angami bado utakuta watu wachache wanaoshika dini ya mababu.

Ila nguo ya Ao imebaki, na ningetembea mbali kuiona. Inaitwa tsüngkotepsü, mgolole wa shujaa. Wanawake huufuma kwa kitanda cha mfumi cha mgongoni, mkanda ukiwa umefungwa kiunoni na mwili wa mfumaji ndio unaozikaza nyuzi. Mgolole ni mweusi wenye mistari myekundu, na katikati kuna ukanda mweupe. Ukanda huo haufumwi picha, huchorwa kwa mkono na wanaume wazee, kwa rangi ya utomvu wa mti uliochanganywa na pombe kali ya mchele na majivu ya majani. Tazama ukanda huo kwa karibu: kuna mithuni, ng'ombe wa milima hii, kwa ajili ya mali, tembo na chui milia kwa ajili ya uwindaji, jogoo, panga na mkuki, na safu ya duara ndogondogo ambazo ni vichwa vya watu. Zamani asiyestahili hakuthubutu kuuvaa. Leo unavaliwa hata kanisani, ukiwa na vichwa vyake vyote.

Chakula nitakigusa tu. Wote wanapenda nguruwe na pilipili inayowasha kuliko yoyote uliyowahi kuonja. Ao wana anishi, majani ya magimbi yaliyochachishwa na kukaushwa, yanayoupa mchuzi wa nguruwe rangi nyeusi na harufu ya moshi. Angami wana galho, wali mlaini kama uji wenye mboga na nyama. Mgonjwa wa tumbo aanze na galho.

Kwa anayefunga safari

Kwa urahisi wa kufika, Angami wanashinda bila ubishi. Unaruka hadi Dimapur, na kutoka hapo Kohima ni kama kilomita 70 za kupanda. Mokokchung hufikiwa vizuri kutoka Jorhat, Assam. Mon ni mbali na njia yake ni mbaya, huingiwa kutokea Sonari, nayo iko Assam, na mvua za Juni hadi Septemba hukata barabara kwa maporomoko. Mwenye wiki moja akae kwa Angami, asijaribu kuunganisha Mon. Atamaliza siku zake kwenye gari.

Watu wengi hupanga safari kufuata tamasha la Hondohondo, yaani Hornbill, linalofanyika Kisama, karibu na Kohima, tarehe 1 hadi 10 Desemba. Lilianza mwaka 2000. Faida yake ni kwamba makabila yote yapo mahali pamoja na utasikia tofauti za nyimbo zao kwa siku moja. Ubaya ni kwamba limetengenezwa kwa ajili ya mgeni, na vyumba hujaa miezi kabla. Ningekushauri uchague sikukuu ya wenyewe. Sekrenyi ya Angami ni Februari, na huanza kwa wanaume kwenda kisimani alfajiri kujitakasa kwa maji ya baridi kali. Aoling ya Konyak ni 1 hadi 6 Aprili, baada ya kupanda mbegu. Moatsü ya Ao ni 1 hadi 3 Mei. Mwenye mwezi mzima anaweza kuanza Mon na kumalizia Mokokchung, na zote mbili akazikuta.

Kibali kisikuponyoke. Tangu Desemba 2024 mgeni kutoka nje ya India anatakiwa tena kuwa na kibali maalumu cha kuingia Nagaland, mbali na viza, na majibu huchukua muda. Kiombe kabla hujalipia tiketi, na utaje kwa jina kila wilaya utakayolala.